Re: Kugombea uwakilishi bodi ya kitivo, inafaa au napoteza muda?

Mdogo wangu wa hapo Tabora, unauliza bodi ya kitivo, yaani kikao kinachosimamia masomo ya kitivo, inapatikanaje na kama ina nguvu yoyote maana wenzako wa mwaka wa pili wanakusukuma ugombee. Ngoja nikwambie, kwa vyuo vyetu vingi wengi humo hawapigiwi kura, wanaingia kwa cheo: mkuu wa kitivo ndo mwenyekiti, wakuu wa idara wamo, kuna walimu wengine, halafu nyie wanafunzi wawili watatu hivi. Sasa wenzetu Ujerumani kila kundi linapiga kura yake, maprofesa kivyao, wahadhiri wengine kivyao, wanafunzi kivyao, na mahakama yao ya katiba iliamua mwaka 1973 kwamba kwenye mambo ya utafiti maprofesa lazima wawe zaidi ya nusu, so hata huko mwanafunzi haburuzi mtu.

Nguvu ipo ila ya kupendekeza zaidi. Mitaala na matokeo ya mitihani yanapita hapo kwanza ndo yapande seneti, kikao kikuu cha taaluma chuoni, na ada usiipeleke huko, hiyo ni ya baraza la chuo, wasimamizi wakuu wa chuo chenyewe. Siku bodi inajadili matokeo ya mitihani usishangae ukiambiwa utoke nje, vyuo vingi ndo utaratibu. Nenda kwa msajili uombe hati idhini ya chuo (charter, ile hati inayokianzisha na kueleza vyombo vyake) na kanuni za serikali ya wanafunzi, uone mwakilishi anachaguliwa au anateuliwa na rais wenu, maana kama ni kuteuliwa hizo kampeni za kantini utachoka bure. Mi ningegombea.