Miyomboni, usichague risasi kwa ncha yake

Julai ikifika, msimu wa uwindaji ukifunguliwa, simu ni zilezile: "Shikamoo mzee. Ninunue yenye ncha kali au butu?" Nami humuuliza kwanza: utapigia umbali gani? Huku kwetu Sikonge, Tabora, ndani ya msitu wa miyombo, humwoni mnyama mita 300. Unaona sikio, au mkia ukipunga nzi, na ni hatua 80 au pungufu.

Ncha kali ina kazi yake, sibishi. Hewa haiishiki sana, hivyo haipotezi mwendo upesi. Bunduki ya Mauser ya mwaka 1871, ambayo askari wengi wa Mjerumani huku walikuwa bado nayo vita vilipoanza 1914, ilirusha donge butu la gramu 25, na moshi juu. Risasi yao ya ncha ya mwaka 1905 ilikuwa gramu 10 tu, lakini ilitoka mtutuni kwa karibu mita 880 kwa sekunde, mara mbili ya ile. Hiyo nyepesi ndiyo iliyokuwa na nguvu zaidi, kwa sababu mwendo ukiwa mara mbili, kwa uzito uleule nguvu inakuwa mara nne.

Sasa rudi kwenye hatua 80. Risasi ya mita 850 kwa sekunde na ya mita 760 hapo zinapishana kushuka kwa sentimita moja hivi. Pumzi yako tu inakosesha zaidi ya hapo.

Mimi nilifunzwa na kongoni. Nilimpiga begani, hatua 30, kwa risasi ya kasi yenye gamba jembamba la shaba. Tukafuata damu hadi alasiri. Kumchuna, jeraha ni pana kama kiganja, ila halikufika mapafuni; vipande vya shaba vimetapakaa juu ya mfupa kama maganda ya karanga. Kasi ilikuwa imeipasua mlangoni.

Tangu hapo natumia bunduki ya .375 (risasi yake ina kipenyo cha milimita 9.5 hivi), kichwa kizito cha gramu 19. Kwa nyati nataka ile ngumu isiyopasuka, pua pana, maana hunyoosha njia ndani ya nyama. Ngumu ya ncha kali hupenda kupinduka humo.

Ila msidanganyane kwamba butu hupenya vichaka. Tulitundika boksi nyuma ya kichaka cha vijiti, tukapiga aina zote mbili. Nyingine hazikuligusa boksi kabisa. Tundu moja la butu lilikuwa refu kama la ufunguo: risasi iliingia kwa ubavu.