Jibu: Shockwave au TAC-14 kwenye shabaha za chuma?

Habari mkuu wa Tabora, salamu toka Kigoma. Umeuliza kwa nini kwenye ile video ya mashindano ya Marekani mwenye Mossberg 590 Shockwave anamwacha mwenye Remington TAC-14, wakati zote ni shotgun za pampu (za kukokwa kwa kuvuta kishikio cha chini ya mtutu), geji 12 (kipimo cha upana wa mtutu), hazina kitako, na mitutu ni ya inchi 14 hivi.

Angalia kwanza upakiaji. Shockwave inabeba risasi 5 kwenye bomba la chini ya mtutu, TAC-14 inabeba 4. Halafu kwenye Mossberg kile kibao cha kunyanyulia risasi hukaa juu, njia iko wazi. Kwenye Remington kiko chini, kila risasi lazima ukisukume kwa dole gumba, na kinabana kweli!

Pale kwenye video mmoja wao alipokwama, ganda likabaki ndani, kwa kawaida ni kuvuta pampu nusu. Ivutwe mpaka mwisho, ndipo irudishwe. Kama zilikuwa risasi fupi za inchi 1¾, Mossberg isiyo na adapta (kipande cha kuongeza cha risasi fupi) huzipindua njiani. Za 2¾ zinapita vizuri.

Kulenga ni usawa wa jicho, mkono wa mbele unasukuma, wa nyuma unavuta, na huo wa nyuma usiusogeze karibu na uso, utang'oka jino. Kufyatulia kiunoni ni mambo ya sinema. Mkanda wa kwenye pampu usifunguliwe: mkono ukiteleza, uko mbele ya mtutu.