Mfini na Mmarekani: niliyoyaona katika makao ya wazee, Duluth na Tampere

Mleta mada ameeleza kwamba mdogo wake, aliyeishi Minnesota, Marekani, miaka sita, amepata kazi Tampere, Finland, na anahamia huko mwezi ujao. Anauliza iwapo watu wa nchi hizo mbili wanatofautiana kweli katika maisha ya kila siku, au ni Wazungu wale wale. Majibu yaliyotangulia karibu yote yanasema kwamba Mmarekani ni mchangamfu, Mfini ni mkavu, na sababu ni baridi. Naomba kutofautiana na wenzangu. Mimi ni mzaliwa wa Tanga; nimehudumia wazee Duluth, Minnesota, kwa miaka minne, na sasa huu ni mwaka wangu wa saba nikifanya kazi hiyo hiyo hapa Tampere.

Nianze na hilo la baridi. Duluth iko ukingoni mwa Ziwa Superior, na nimewahi kusubiri basi huko kukiwa na nyuzi 25 chini ya sifuri, huku bibi nisiyemfahamu akinisimulia talaka ya mwanawe tangu basi lilipochelewa hadi lilipofika. Isitoshe, sehemu ile ya Marekani imejaa wajukuu na vitukuu vya Wafini waliokwenda kufanya kazi migodini na misituni mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20. Hao nao wanaongea na kila mtu, na kila tarehe 16 Machi baadhi yao husherehekea Mtakatifu Urho, mtakatifu aliyebuniwa Minnesota kwa mzaha katika miaka ya 1950, ambaye wenzangu wengi kazini hapa hawajawahi kumsikia. Kama baridi na damu ndizo zinazomfunga mtu kinywa, watu wa Duluth wangekuwa mabubu.

Tofauti niliyoiona mimi iko katika uzito wa neno. Kwa Mmarekani, neno ni kama mafuta ya kulainisha: unalimimina ili watu wapishane bila kukwaruzana, na hakuna anayekuja baadaye kukudai. Kwa Mfini, neno likishatoka limekuwa ahadi au taarifa, na atakushika nalo.

Wiki yangu ya pili Tampere nilipishana ukumbini na mfanyakazi mwenzangu aliyekuwa amebeba mashuka. Nikamwuliza "Mitä kuuluu?", salamu ya Kifini ya kuuliza hali, kwa mazoea ya Duluth, yaani huku miguu ikiendelea na safari. Yeye akasimama. Akaweka mashuka juu ya kitoroli, akafikiri kidogo, kisha akaanza kunieleza kwamba nyonga ya mama yake imefanyiwa upasuaji, kwamba mama hataki kutumia mkongojo, na kwamba paa la nyumba yao ya kijijini linavuja. Mimi nilikuwa nimeshampita hatua nne au tano, ikabidi nirudi kinyumenyume nikiwa na aibu. Alipomaliza aliniuliza nami hali yangu, akanyamaza kabisa kusubiri, na nikagundua kwamba sikuwa nimejiandaa kujibu.

Ajabu ni kwamba sisi Waswahili tulipaswa kuelewa. "Mitä kuuluu" tafsiri yake ya neno kwa neno ni "kunasikika nini", na hiyo ndiyo habari yetu. Lakini sisi tunauliza habari za nyumbani, za watoto na za tangu jana, na tunajibiwa "nzuri" hata kama paa limeezuliwa na upepo usiku ule ule. Kwa sababu hiyo salamu ya Mmarekani inatupendeza mwanzoni, kwa kuwa inafanana na yetu kwa sauti. Kinachotushtua ni kwamba yeye haendelei: ameuliza, amepita, na hana nia ya kukaa. Mfini hufanya kinyume, kwani hakuulizi mpaka awe na nafasi ya kulisikia jibu.

Ahadi nazo ziko hivyo hivyo. Mwaka wangu wa kwanza Duluth, mwenzangu wa zamu alinikumbatia akasema ni lazima tutoke siku moja tukanywe kahawa, na mimi nikakaa na simu mkononi wikendi mbili nzima. Hakuwa mwongo, alikuwa ananiambia kwamba ananipenda, na kahawa ilikuwa namna tu ya kusema hivyo. Nilipofika Tampere nilikuwa nimeshajifunza mchezo huo, nikamwambia dada mmoja wa kazini, kwa kupitisha maneno tu, kwamba siku moja aje nimpikie pilau. Palepale akatoa simu, akafungua kalenda na kuuliza kama Jumamosi ya tatu ya mwezi unaofuata itanifaa, saa nane mchana. Kwa wiki tano hatukulizungumza tena jambo hilo, nami nikadhani limekufa. Saa nane kamili ya Jumamosi hiyo kengele ililia, naye akasimama mlangoni na pakiti ya kahawa mkononi, wakati mimi nilikuwa bado nachambua mchele.

Kuhusu sifa, mdogo wako ajiandae mapema, kwa sababu hapa ndipo mtu aliyetoka Marekani huumia bila sababu. Msimamizi wangu wa Duluth alikuwa akiniita wa ajabu na wa kipekee hata kwa kujaza fomu sawasawa. Katika tathmini yangu ya kwanza hapa, msimamizi alipitia karatasi zake kimya kwa dakika kadhaa, kisha akasema kazi yangu ni "ihan hyvä", yaani nzuri tu, na kwamba hana cha kulalamikia. Nilirudi nyumbani nikijua mkataba hautaendelezwa. Mwenzangu mmoja alicheka sana aliposikia, akanieleza kwamba yeye ameisubiri kauli hiyo kwa miaka mitatu.

Kimya chenyewe kina kanuni zake. Wakati wa mapumziko ya kahawa tunaweza kukaa watu watano mezani kwa dakika kumi bila neno, na hakuna aliyekasirika. Kwa Mmarekani kimya cha namna hiyo ni moshi: lazima mtu aulize nini kinaungua. Na kuna jambo ambalo hakuna kitabu kilichonionya. Baadhi ya Wafini wanapokubali jambo husema "joo" kwa kuvuta pumzi ndani badala ya kuitoa. Mzee wangu wa kwanza kufanya hivyo alikuwa bibi wa miaka 90 aliyekuwa akinisikiliza nikieleza dawa zake. Alipovuta pumzi ghafla namna ile mara mbili mfululizo, nilikimbilia kipimo cha oksijeni na kukibana kidoleni mwake. Aliniangalia, akaangalia kidole, akasema "joo" nyingine ya kuvuta ndani. Kipimo kilisoma asilimia 97, hali ya kawaida.

Sasa niingie kwenye stara, kwa sababu kila taifa lina lake la kufunika na lake la kuacha wazi. Mmarekani anakuambia kwenye foleni ya keshia kwamba ameachika, kwamba anatumia dawa za msongo wa mawazo, na kwamba mwanawe hamwongeleshi. Lakini usimwulize mshahara, na usimtarajie avue nguo mbele ya watu. Mfini, ambaye hatakuuliza kama umeolewa hata mkikaa dawati moja mwaka mzima, anaishi katika nchi ambayo taarifa za msingi za kodi ya mapato ni za wazi. Kila mwaka, mapema mwezi Novemba, magazeti huchapisha majina ya waliopata zaidi. Na Mfini huyo huyo ataketi uchi kando ya bosi wake bila wasiwasi wowote.

Hapo ndipo penye sauna, chumba cha joto kali cha kuogea mvuke. Nchi hii ina watu wapatao milioni 5.6 na sauna takriban milioni 3, na utamaduni huo uliingizwa katika orodha ya UNESCO ya urithi usioshikika mwaka 2020. Tampere yenyewe inajivunia sauna ya umma ya Rajaportti, mtaa wa Pispala, iliyofunguliwa mwaka 1906 na ambayo bado inafanya kazi, wanawake upande wao na wanaume upande wao. Duluth nako niliwahi kuingia sauna, ile ya ukumbi wa mazoezi: watu walikaa na nguo za kuogelea, mmoja alisikiliza muziki masikioni, na mlangoni palibandikwa tangazo la kukataza kumwaga maji juu ya jiko. Mfini akiliona tangazo hilo anaweza kulia, kwa maana mvuke unaotoka kwenye mawe, wanaouita "löyly", ndio sauna yenyewe.

Mara yangu ya kwanza kuingia sauna hapa ilikuwa sherehe ya kazini kabla ya Krismasi. Niliingia nimejifunga khanga kifuani, na hakuna aliyegeuza shingo. Nilielezwa baadaye kwamba kumwangalia mtu sauna, awe amevaa au hajavaa, ndio utovu wa adabu. Tulikaa wanawake sita kwenye benchi la mbao, taa hafifu, msimamizi wetu akiwa ndiye mwenye ndoo na kata. Alimwaga maji, mvuke ukatupiga mabegani, na baada ya kimya kirefu akaanza kutueleza, bila kumwangalia yeyote, kwamba mumewe anapoteza kumbukumbu na kwamba anaijua vizuri njia iliyo mbele kwa kuwa ndiyo kazi yetu. Mwanamke huyo kwa miaka miwili ofisini hakuwahi kunitajia kwamba ana mume. Hakuna aliyemjibu kwa maneno. Aliyekaa karibu yake alichukua kata, akamwaga tena.

Sitaki nionekane nimenunuliwa na upande mmoja. Nimefiwa mara mbili nikiwa ughaibuni, baba nikiwa Duluth na bibi nikiwa Tampere, na mtu huzijua nchi hizi vizuri zaidi akiwa na msiba. Duluth, kabla jua halijazama, majirani ambao sikujua majina yao walikuwa wameleta vyakula vya kuoka katika mabakuli yaliyofunikwa, wakanikumbatia, wakalia nami, na mmoja alikaa jikoni mwangu hadi saa nne usiku akiosha vyombo. Ilinikumbusha matanga ya nyumbani, na hadi leo siwezi kuvumilia mtu akiniambia uchangamfu wa Wamarekani ni wa kuigiza. Wiki iliyofuata, ni kweli, wengi wao walikuwa wameshasahau. Tampere hakuna aliyekuja. Nilipoingia kazini nilipewa mkono na kuambiwa "otan osaa", ambayo ndiyo pole yao na maana yake ni "nashiriki", basi. Nilijifungia chooni nikalia kwa upweke. Kisha nilipofungua ratiba nikakuta zamu zangu zote za usiku za wiki mbili zimeshachukuliwa na wengine, jina moja baada ya jingine, na hakuna hata mmoja aliyekuja kunitangazia.

Mengine ni mepesi, na mdogo wako atayazoea kwa wiki moja. Bei iliyoandikwa kwenye rafu ndiyo atakayolipa, kodi imo ndani, tofauti na alikotoka; na bakshishi haidaiwi, kwa hiyo asiache asilimia 20 mezani, mhudumu anaweza kumkimbilia akidhani amesahau pesa zake. Akiona kichanga kimelala ndani ya kigari nje kwenye theluji, asiite polisi. Watoto wengi hapa hulazwa mchana hivyo. Akiona mtoto wa miaka saba akienda shule peke yake na ufunguo shingoni, vivyo hivyo. Likizo atakayopata ni takriban wiki tano kwa mwaka baada ya mwaka wa kwanza wa kazi, kwa mujibu wa sheria, ilhali Marekani sheria ya shirikisho haimlazimishi mwajiri kutoa hata siku moja ya likizo yenye malipo. Na mwezi Julai asitegemee kupata jibu la barua pepe kutoka kwa mtu yeyote.

Msaada pia aujue. Gari langu lilipokwama kwenye theluji Duluth, wanaume wanne walisimama na kulisukuma kabla sijashusha kioo. Hapa watu walipita. Nilipomwomba mmoja, alikwenda kwake akarudi na koleo na mchanga, akafanya kazi nusu saa, akakataa hata kahawa. Nilimwuliza mwenzangu kwa nini wale wa mwanzo walipita, akanijibu kwa mshangao kwamba sikuwa nimeomba, na huenda nilitaka kujaribu mwenyewe kwanza.

Na akialikwa nyumbani kwa Mfini, avue viatu mlangoni, achukue pakiti ya kahawa, na afike kwa saa aliyoambiwa, asiende mapema wala kuchelewa. Kuhusu kuondoka, asahau alivyozoea Minnesota, ambako kuaga huanzia mezani, kunahamia sebuleni, kunasimama mlangoni na kumalizikia dirishani mwa gari baada ya nusu saa. Hapa mwenyeji hujigonga magoti kidogo kwa viganja na kusema "no niin", maneno mawili yenye maana kama "haya basi", na wageni wote husimama. Mara ya kwanza kuyasikia sikujua maana yake. Nilibaki nimekaa na kipande cha keki mkononi, wenzangu wakiwa wameshavaa makoti, na mwenyeji kwa heshima yake akaketi tena kunisubiri nimalize.