Jinsi Nepal ilivyoongeza simbamarara wake
Ndugu, umeuliza kama simbamarara wa Nepal wameongezeka kweli au ni hesabu za kuwafurahisha wafadhili tu. Wameongezeka kweli: mwaka 2009 walikadiriwa kuwa 121, na hesabu ya mwaka 2022 ilipata 355. Kazi hiyo haifanywi kwa kubahatisha, kwani kamera hufungwa mbilimbili, kimo cha goti, pande zote za njia, ili mnyama anapopita apigwe picha ubavu wa kushoto na wa kulia. Milia ya kila mmoja ni yake peke yake, kama zilivyo alama za vidole vyetu.

Jeshi hulinda hifadhi, na majangili wamebanwa. Hata hivyo, kwa maoni yangu, kilichosaidia zaidi ni wanavijiji kutengewa asilimia 30 hadi 50 ya mapato ya hifadhi na kukabidhiwa misitu waitunze wenyewe. Kule Khata, kusini magharibi mwa Nepal, misitu hiyo imeunganisha hifadhi ya Bardia na ile ya Katarniaghat nchini India, na simbamarara hupita humo. Linaloniumiza ni kwamba wapo wanavijiji wanaouawa na simbamarara wakikata majani ya mifugo, na hakuna fidia inayowarudishia watoto mzazi wao.