Kozi Mpya, Wiki Mbili Zimebaki: Nianzie Wapi?

SWALI: Shikamoo, Mwalimu. Mimi ni mhadhiri msaidizi, nimeajiriwa mwaka huu katika chuo kimoja hapa Tanzania. Mkuu wa idara amenikabidhi kozi ya utangulizi wa takwimu, krediti 12, wanafunzi 240 wa mwaka wa kwanza. Muhula unaanza baada ya wiki mbili, mwanzoni mwa Novemba. Aliyekuwa akiifundisha ameenda masomoni, kaniachia slaidi 400 na ukurasa wa mwaka jana kwenye Moodle, mfumo wetu wa kozi mtandaoni. Nimeanza kuzipitia slaidi, nimefika ya 60. Nitawahi kweli?

JIBU: Marahaba. Kwa mwendo huo slaidi utazimaliza, ila kozi haitakuwa tayari. Zifunge kwanza. Chukua kalenda ya chuo, ratiba ya vipindi na kalamu.

Anza na saa. Kwa utaratibu wa Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, krediti moja ni saa 10 za kujifunza, kwa hiyo kozi yako ni saa 120. Si saa zako za kusimama mbele: humo mna mihadhara, semina, kazi na kujisomea. Ukizigawa kwa wiki 15 unapata saa 8 kwa wiki. Mhadhara ukichukua 2 na semina 1, zinabaki 5 ambazo mwanafunzi yuko peke yake, na usipomwambia azifanyie nini, hatafanya kitu. Muhtasari wa kozi unaotaja mada tu bila kazi ya kila wiki haujamsaidia mtu.

Halafu zihesabu wiki zenyewe. Kwenye karatasi ni 15. Kama chuo chenu hakifungi mwisho wa mwaka, angalia siku ya mhadhara wako: Krismasi na Mwaka Mpya huangukia siku ileile ya wiki, basi mwenye kipindi siku hiyo hupoteza viwili mfululizo. Ipo pia 9 Desemba, na 12 Januari. Toa na kipindi kimoja cha jaribio. Panga mada za wiki 12, na ikibaki ya ziada itumie kwa marudio.

Wiki ya kwanza nayo ina mambo yake. Wapo watakaokuwa bado wanahangaika na usajili, chumba, au majibu ya Bodi ya Mikopo. Mwaka wangu wa kwanza kazini nilijifanya mkali, nikaanza na mada ya uwezekano (probability) siku ya kwanza. Ukumbi ulikuwa nusu. Mada ile nikaifundisha mara tatu, na bado kwenye jaribio walioikosa mwanzo walijulikana kwa kuwatazama tu. Siku hizi wiki ya kwanza nakusanya data kwao wenyewe: anatumia dakika ngapi kufika chuoni, kwao wako watu wangapi. Data hizo natumia muhula mzima, kuanzia wastani hadi kupima nadharia tete, yaani dhana inayosubiri kuthibitishwa kwa data. Anayechelewa anajaza fomu, na hajapitwa na kitu kikubwa.

Sasa usahihishaji, ambao wageni wengi huusahau. Karatasi 240 kwa dakika 6 kila moja ni saa 24 kamili, bila kunywa chai. Ukiweka majaribio mawili na kazi moja ya kila mtu, hizo ni saa 72 kabla hujaugusa mtihani wa mwisho. Mgao wa alama huuamui wewe, usome kwenye kanuni za mitihani za chuo chenu (vingi hutoa 40 kwa kazi za muhula na 60 kwa mtihani). Ila namna ya kuzipata hizo 40 mara nyingi mwalimu ana nafasi ya kuchagua. Mimi ningeweka kazi ya makundi ya watu 6, zije karatasi 40. Ndiyo, watakuwepo wa kubebwa. Wahoji wawili watatu wa kila kundi kwenye semina. Jaribio la kwanza liwe wiki ya 5 au 6, ili anayeyumba ajue mapema kabla hajajikuta kwenye sapu, yaani mtihani wa marudio.

Maswali ya mtihani wa mwisho yaandike sasa, hata yawe rasimu mbovu. Ukishajua utauliza nini, slaidi 400 zitajichuja zenyewe. Kwa wiki 12 ni slaidi 33 kwa kila mhadhara, chini ya dakika 4 kila moja. Takwimu haifundishwi hivyo. Mwanafunzi anahitaji kuona hesabu ikifanywa ubaoni, hata ukikosea na kufuta.

Moodle: usiuguse ukurasa wa mwaka jana, una alama za watu. Omba nakala mpya, ifiche wanafunzi wasiione, kisha iweke upya (reset) kwa tarehe mpya ya kuanza. Tarehe za kazi zitasogea kwa idadi ileile ya siku, ila zipitie moja moja, maana kalenda ya mwaka huu si ya mwaka jana. Jigeuze mwanafunzi ndani ya mfumo uone anachokiona. Na mafaili yawe mepesi. Wengi watayafungua kwa simu, kwa bando la kuhesabu.

Ukimaliza hayo, rudi kwenye slaidi ya 61. Siku ya kwanza unatakiwa uwe na mihadhara miwili tu mkononi.