Kabla ya kununua AI, okoeni kanda zenu za sauti

Nimefanya kazi kwenye vyumba vya habari hapa Kampala miaka mingi, gazeti kwanza alafu redio, na sa hivi kila bosi nikikutana naye swali ni lile lile, tununue AI gani, yani hizi programu za akili mnemba. Mi huwauliza, kanda zenu za kaseti za zamani ziko wapi? Wengi wananyamaza.

Niwaeleze yaliyotukuta Arua, kaskazini magharibi mwa Uganda. Tulienda kurekodi mkutano wa ardhi, wazee wanaongea Kilugbara wanachanganya na Kiswahili kama kawaida ya kule, karibu masaa matatu. Kurudi Kampala dedilaini imefika, nikaitia ile sauti kwenye programu ya AI inipe muhtasari. Kiswahili ilijitahidi, Kilugbara ikabahatisha tu, na muhtasari ukasema mzee mmoja amekubali kuachia ardhi. Mzee alikuwa amekataa! Alikataa kiutu uzima, akaanza na shukrani ndefu, akawasalimia wageni, akawataja marehemu, alafu ndo akasema hapana kwa kuzunguka, na mashine ikaokota zile shukrani. Mpigapicha wetu ni mtu wa huko, ndiye aliyesoma akashtuka, tukaitoa ile stori dakika za mwisho. Ingechapwa vile, yule mzee angewaambia nini watoto wake?

Toka siku hiyo AI naipa kazi ya kuandika yaliyosemwa kwenye kanda, kupanga, kutafuta, lakini maneno ya mtu hayatoki mpaka anayejua lugha ile ayasikilize kwa masikio yake. Inachosha lakini fanyeni hivyo hivyo. Hata wakubwa wanaanguka hapa, Mei 2025 Chicago Sun-Times walichapisha orodha ya vitabu vya kusoma waliyoletewa kutoka nje ya gazeti, vingi havipo kabisa duniani, AI ilivitunga na hakuna aliyehakiki.

Sasa turudi kwenye kanda, maana hapo ndo kuna mali. Julai 2023 shirika la habari la Marekani, AP, liliingia mkataba na OpenAI, wale wa ChatGPT, watumie sehemu ya hazina yake ya habari za zamani, na Desemba mwaka huo huo New York Times wakaenda mahakamani kuwashtaki OpenAI na Microsoft kwa kutumia kazi zao bila ruhusa. Mmoja kauza, mwingine kashtaki, ila wote walikuwa na kitu mkononi. Sisi je? Gazeti la Bukedde lina miaka ya Kiluganda kilichoandikwa vizuri, na magazeti mengine ya hapa, Etop iliandika Kiteso, Rupiny Kiluo, Orumuri Kinyankole na Kikiga. Maandishi ya namna hiyo kwenye intaneti ni haba sana, na watu wa Sunbird AI hapa hapa Kampala wanahangaika kujenga mashine zinazoelewa lugha zetu. Lakini mi nimeona kwa macho kituo kimoja cha redio kimeweka kaseti za miaka ya nyuma kwenye magunia chini ya bati linalovuja, yani sauti za wazee ambao washafariki, zinanyeshewa.

Kitu kingine, msijenge kwenye kiwanja cha mtu. Facebook ilipofungwa hapa Januari 2021, kurasa tulizozilea miaka zilikatika usiku mmoja, ukabaki na VPN, ile programu ya kupenya intaneti ikifungwa. Na sa hivi Google yenyewe inamjibu msomaji juu kabisa, hana haja ya kubofya stori yako. Chukueni namba za wasomaji wenu, kwa ridhaa yao, muwatumie habari wenyewe.

Kama hujui pa kuanzia wiki hii, nunua hard disk mbili za kuhifadhia sauti, tafuta kijana mmoja na redio kaseti nzima, alafu mkalishe karibu na yule mtangazaji wenu mkongwe amtajie hii sauti ni ya nani, ilikuwa kijiji gani, mwaka gani. Fanya hivyo kabla hajastaafu.