Piga hodi hata pasipo na mlango

Tarehe 6 Mei 2020, Ramadhani ikiwa katikati, serikali ilifunga Mji wa Kale wa Mombasa kwa sababu ya korona. Sisi wa ndani hatutoki, wa nje hawaingii. Baraza ya nje kwetu, ambayo usiku wa Ramadhani huwa hakuna pa kutia mguu, iliachiwa paka. Wakati huo nilikuwa nusu ya njia katika utafiti wa mazungumzo ya barazani: nani huketi wapi, nani huanza salamu, mgeni akitokea maneno hugeuka vipi. Watu wangu wote wamejifungia majumbani. Ndipo nilipoingia Second Life, dunia pepe ya mtandaoni ambamo watu hukutana, nitazame kama huko nako watu wana baraza.

Mpaka leo naingia. Wanafunzi huniuliza waanzie wapi wakitaka kutafiti dunia pepe, na kwa kuwa jibu langu ni refu kidogo, nimeona niliandike.

Anza kwa kuacha kuiita mchezo. Second Life ilifunguliwa mwaka 2003 na kampuni ya Linden Lab ya San Francisco, na humo hamna pointi wala mshindi. Unapewa mwili, yaani avata, unaachwa kwenye ardhi iliyokatwa vipande vya mita 256 kwa 256, na karibu kila unachokiona, tangu mti hadi kitasa cha mlango, kimetengenezwa na wakazi wenyewe. Fedha yao ni Linden dola, ambazo kama 250 hivi ndizo dola moja ya Marekani. Watu hukodi nyumba, huuza viatu, huwatunza waimbaji pesa.

Na hata penye mchezo wa kweli, watu ni wale wale. Septemba 2005, ndani ya World of Warcraft, maradhi yaliyotiwa na watengenezaji katika eneo moja lililotengwa yalitoka nje kwa kosa la programu yakaenea mijini. Kuna wachezaji waliokimbilia porini, kuna waliobaki kutibu wenzao, na kuna waliobeba ugonjwa makusudi kuwapelekea wengine. Wataalamu wa maradhi ya mlipuko waliliandikia tukio hilo katika majarida ya tiba. Nililisoma nikiwa ndani ya mtaa uliofungwa, nikawaona majirani zangu mmoja mmoja.

Vifaa visikutishe. Usiku wangu wa kwanza, laptopu ya zamani na bando la kupimapima, avata yangu ilitokea kama wingu jeupe la moshi, kwa sababu mwili ulikuwa haujamaliza kufika. Mtu akanisalimu. Nikamjibu nikiwa wingu. Ukuta uliokuwa nyuma yake ulikuwa wa kijivu, kisha mawe yakaanza kujitokeza moja baada ya jingine, na uso wake ukaja mwisho kabisa. Kwenye mipangilio ya programu, shusha umbali wa kuona uwe mita 64, zima vivuli, na mambo yatakwenda. Mwenye mtandao dhaifu zaidi atumie Radegast, programu inayoweza kukuingiza kwa maandishi tu. Usiidharau: mazungumzo ndiyo yaliyokupeleka.

Saa ni jambo zito kuliko kompyuta. Second Life hufuata saa za California, kwa hiyo adhuhuri ya kule ni saa nne usiku Mombasa, au saa tano wakisharudisha saa zao nyuma. Mei ile nilisaidiwa na daku. Saa kumi alfajiri kwetu ni saa kumi na mbili jioni kwao, watu wametoka kazini, nami nimekwisha kula. Ukiingia mchana wa Mombasa utakuta majumba matupu, uandike kwamba dunia hiyo imekufa, kumbe wenyewe wamelala.

Wiki mbili za mwanzo nilizurura. Kila siku mahali papya: mji wa barafu, soko la Kijapani, meli iliyozama. Shajara yangu ya wiki hizo haifai kitu, ni orodha ya mandhari. Chagua mahali pamoja, padogo, uwe unaonekana pale siku zile zile na saa zile zile. Mimi nilituama kwenye mkahawa wa kando ya bahari uliokuwa na mwimbaji mara moja kwa wiki. Wenyeji hukufahamu upesi kuliko unavyodhani. Wasifu wako unaonyesha siku uliyozaliwa kule, na wageni tuliokuja baada ya 2010 tulipewa jina la pili moja, Resident. Ukinyamaza muda mrefu bila kugusa kitu, kichwa cha avata yako kinainama chenyewe kama cha msinziaji, na kila mtu anajua hupo. Kwa hiyo mtafiti anayedhani atajibanza pembeni aandike ajue anaonekana amelala mbele za watu.

Sasa nifike kwenye lililonifanya niandike yote haya.

Mamangu alikuwa akinikuta macho wakati wa daku, mkono mmoja kwenye kibodi, mwingine kwenye daftari. Siku moja akauliza, "Mwanangu, hao unaozungumza nao wanajua kama unawaandika?"

"Hawajui, mama."

"Basi unadukiza."

Nilimweleza habari za data na mahali pa hadhara. Akanisikiliza mpaka mwisho, akachukua sahani zake akaenda. Mimi sikubadili kitu.

Maneno ya kawaida kule husikika mita 20, mnong'ono 10, ukipiga kelele 100. Lakini jicho halina mpaka huo. Unaweza kuacha mwili wako umeketi mkahawani ukaitoa kamera ikapita ukuta, ikaingia nyumba ya jirani. Nikafanya hivyo. Mwenye mkahawa alikuwa na nyumba ng'ambo ya kijia, nikamwona jikoni na mtu mwingine, mmoja amesimama, mwingine amepiga magoti, maneno yao hayanifikii. Niliandika ukurasa mzima. Baada ya mwezi, tukiwa tumekuwa marafiki, nilimwambia nilichokiona, nikidhani atafurahi kuwa nimevutiwa na nyumba yake. Alikaa kimya muda mrefu. Kisha maneno yakatokea kwenye skrini: ungeniomba, ningekufungulia.

Nimekulia katika nyumba ya mawe. Mlangoni kuna daka lenye baraza mbili, mgeni anapokewa hapo, na njia ya kuingilia imepindwa ili apitaye barabarani asione ndani hata mlango ukiwa wazi. Waliojenga walijua jicho halina adabu mpaka lizuiwe. Kule hakuna ukuta wa kunizuia, nami nikatumia nafasi hiyo kuingia kwa watu. Ule ukurasa niliuchana.

Usiseme ni vikaragosi tu. Mwaka 1993, katika LambdaMOO, dunia ya maandishi matupu isiyo na picha hata moja, mtumiaji mmoja alitumia programu ndogo kuzidhulumu kijinsia nafsi za wenzake mbele ya kadamnasi. Wenye nafsi hizo waliumia kwelikweli, na jamii nzima ikakaa kujadili sheria zake. Ikiwa maneno peke yake yanafika huko, mwili na nyumba je?

Kwa hiyo andika kwenye wasifu wako, mstari wa kwanza, kwamba wewe ni mtafiti na unatafiti nini. Mwanaanthropolojia Tom Boellstorff, aliyetoka kutafiti Indonesia, alifanya kazi ndani ya Second Life kuanzia 2004 hadi 2007 bila kujificha, na watu walizungumza naye tu. Omba idhini, na uiombe tena mazungumzo yakigeuka kuwa ya ndani. Jina la avata ulibadilishe kama unavyobadilisha jina la mtu, maana ndilo analojulikana nalo na wenzake. Kwetu Kenya kuna kibali cha NACOSTI, tume ya taifa inayoruhusu utafiti, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, visome kabla ya kuingia. Na Roblox, jukwaa la michezo ya mtandaoni lililojaa watoto, usiiguse kwa utafiti mpaka wazazi na kamati ya maadili wamekubali.

Mwenye mkahawa alinisamehe, lakini kwa kazi. Alinitaka nijenge kitu. Nikaenda kwenye uwanja wa wazi wa kujifunzia ujenzi, usiku nne nikivuta na kukata vibao, nikatoa daka: baraza mbili zikitazamana, juu tao dogo. Tuliliweka mbele ya mkahawa. Kuanzia hapo sikuhitaji kumfuata mtu. Walikuja wakaketi, wakaniuliza kitu hiki ni nini, nami nikaeleza, na wao wakaeleza vya kwao: kibaraza cha mbao cha nyanya, ngazi za ghorofa walipokulia. Sijawahi kupata mahojiano kama yale kwa dodoso.

Andika usiku ule ule, usingoje. Dunia hizi hufungwa. EA-Land ilizimwa 2008, Club Penguin 2017, AltspaceVR Machi 2023, na ukishachelewa hakuna mtaa wa kurudi kuuliza.

Wetu haukuzimwa wote, ni mkahawa tu. Kodi ya ardhi ilimshinda mwenyewe. Usiku wa mwisho tuliketi juu ya daka na chini yake, watu kumi na moja, mwimbaji akaimba bila kutunzwa kwa sababu alikataa. Saa ya kuondoka kila mtu aliaga kwa jina. Nilipoingia siku ya pili ardhi ilikuwa mchanga, na daka langu limerudishwa kwenye mkoba wangu, katika folda ya vilivyopotea vikaokotwa. Bado limo. Juzi nimempata mwenyeji mwingine, ana duka la vitabu, na nimemwandikia kumwuliza kama naweza kuliweka mlangoni pake. Hajajibu, nami sijaenda.